Unaziba hapa, linatoboka pale: kisa cha bomba la chuma lililozeeka

Niliitwa kwenye nyumba hii mara ya kwanza kwa sababu ya doa. Ukutani, nyuma ya sinki la jikoni, rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na plasta ya chini yake imelainika kiasi cha kuingia ukucha. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, hili ni la tatu. Wameziba mara mbili, na kila wakiondoka linatokea jingine." Alikuwa ananipa historia ya mgonjwa, na historia hiyo ilikuja kunifaa kuliko vifaa vyote nilivyobeba. Ila siku ile niliisikia tu, sikuisikiliza.

Mabomba ya nyumba hiyo yaliwekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Ni ya chuma kilichopakwa zinki, ya nusu inchi, yamezikwa ndani ya ukuta tangu koki kuu hadi jikoni na bafuni. Tundu la kwanza lilikuwa limefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi na klipu mbili za kukaza kwa bisibisi. La pili, miezi saba baadaye, lilizibwa kwa epoksi ya kukanda. Nilipofika niliviona viraka vyote viwili, kwa sababu ukuta pale haukuwahi kupigwa plasta upya, na vyote vilikuwa vikavu. Naomba msomaji alishike hilo. Viraka vilikuwa vimeshika. Waliotangulia hawakufanya kazi mbovu.

Kabla ya kugusa ukuta nilianza na mita. Tulifunga koki zote za ndani, nikaandika namba za mita pamoja na zile ndogo nyekundu za mwisho, tukaketi saa nzima bila mtu kugusa maji. Zilipita lita 4. Ukifanya hesabu ya siku, zinakaribia lita 100 zinazoingia ukutani bila mtu kuziona. Kisha nikafunga koki ya katikati inayotenga njia ya jikoni, na kidude cha mita kikasimama kabisa. Hapo nilijua bafuni hakuna shida, na nilijua kabla sijabomoa hata tofali moja. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu doa linaonekana kwa macho, lakini doa huonyesha maji yalipojitokeza, halionyeshi yalikoanzia. Maji yakitoka kwenye tundu dogo hushuka yakitambaa chini ya tumbo la bomba, yakifika kwenye kiwiko au bonge la saruji ndipo yanapodondoka. Nilitega mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye bomba pale lilipokuwa wazi, nikasikia mlio mwembamba kama wa mtu anayepumua kwa meno. Nilipofuata mlio huo kwa patasi na nyundo ndogo, tundu nililikuta sentimita 40 juu ya doa.

Nililikwangua kwa kisu. Chini ya kutu kulikuwa na chuma cha kijivu, na sumaku ililing'ang'ania. Kipimo hiki cha sekunde chache nakifanya kila mara kwenye nyumba ya zamani, hata kama nina hakika. Shaba ukiikwangua inang'aa nyekundu na sumaku haiishiki. Risasi nayo ni laini, inakatika kwa kisu na kung'aa kama fedha, na sumaku inaikataa vilevile. Ukikuta risasi, kazi ya kuziba imeishia hapo: bomba la risasi halipigwi msasa wala halitiwi kiraka, linaondolewa lote, kwa sababu sumu yake inaingia kwenye maji hata likiwa halivuji.

Basi nikaziba. Nilifunga koki kuu, nikafungua koki ya chini kabisa ya nyumba ili maji yamwagike, na ya juu kabisa ili hewa iingie. Usipofungua ya juu, maji hubaki yamening'inia ndani na kukutonea kiganjani saa nzima. Nikasafisha kutu kwa brashi ya waya, polepole, bila kugonga. Kutu kwenye bomba la namna hii wakati mwingine ndiyo inayoshikilia maji, na mtu akiipiga patasi atageuza tundu la sindano kuwa la kidole. Nikavalisha klampu ya bomba, ile ya vipande viwili vya chuma vyenye mpira ndani na boliti, nikakaza boliti kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, mpaka mpira ulipotoka pembeni kwa usawa. Nikafungua maji. Kukavu. Mita ikasimama. Nikafunga begi langu nikaenda zangu.

Baada ya wiki 3 mama akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyostahili. Tundu la nne, sentimita 60 mbele ya klampu yangu.

Safari hii sikubeba kitu zaidi ya karatasi na kalamu. Nilikaa sakafuni jikoni nikachora njia nzima ya maji, kutoka koki kuu hadi sinki, na tawi la kwenda bafuni, nikatia alama kila tundu lilipotokea. Ningelifanya hivyo siku ya kwanza, ningejiokoa safari moja na ningemwokoa mama ukuta. Matundu yote manne yaliangukia kwenye kipande kimoja cha mita 2 hivi, cha mwisho kabla ya sinki. Bomba la kupanda kutoka koki kuu halikuwa na hata moja. Tawi la bafuni, la umri uleule, lililowekwa siku ileile na kupitisha maji yaleyale, halikuwa na hata moja.

Hapo ndipo neno "limezeeka" lilipoacha kunitosha. Uzee ungelikuwa ndio sababu, ungeligusa kote. Bomba linapotoboka, sisi mafundi tunakimbilia kuuliza tutalizibaje, na swali la kwa nini limetoboka hapa na si pale tunaliacha. Kwenye bomba la zamani la chuma, swali hilo la pili ndilo linaloamua kama kiraka kitakuwa dawa au kitakuwa kumhamishia mtu tatizo lake nusu mita mbele.

Nikamuuliza mama kama kuna chochote kilichobadilishwa upande wa jikoni. Akafikiri kidogo. "Ule mlango," akasema. Miaka 6 nyuma walitoboa mlango mpya wa kutokea uani, na bomba lilikuwa linapita katikati yake. Fundi wa wakati huo alilikata, akalizungushia juu ya mlango kwa bomba la shaba la karibu mita 3, kisha akarudi kuliunganisha na chuma cha zamani kuelekea sinki. Kazi safi ya kuangalia, shaba imenyooka, viungo vimechomelewa vizuri. Lakini shaba ilikaa katikati, chuma nyuma yake na chuma mbele yake. Na kipande chetu cha matundu manne kilikuwa ndicho kinachoanza pale shaba inapoishia.

Inafaa nieleze kinachotokea hapo, kwa sababu ndiyo roho ya kisa hiki. Bomba lililopakwa zinki hulindwa kwa kujitoa: zinki huliwa na maji kwanza, na wakati inaliwa, chuma cha chini kinapona. Ndiyo maana mabomba haya huweza kudumu miongo kadhaa. Lakini ukiigusanisha shaba na zinki au chuma ndani ya maji, unatengeneza betri ndogo. Shaba ndiyo yenye nguvu, chuma na zinki ndiyo vinavyotoa. Hapo kwenye kiungo, chuma huliwa kwa kasi ambayo kisingeliwa kikiwa peke yake. Hilo ndilo mafundi wengi wanalolijua, na ndiyo sababu huwekwa yunioni, yaani kiungo cha kufungua na kufunga, yenye plastiki ndani ili metali mbili zisigusane.

Kuna jambo la pili lisilozungumzwa sana, nalo ndilo lililomwumiza mama huyu. Maji yakipita ndani ya shaba hubeba chembe kidogo mno za shaba iliyoyeyuka. Hazionekani, na hazibadilishi ladha. Zikifika kwenye bomba lililopakwa zinki lililo mbele, zinaganda ukutani mwake, punje hapa, punje pale. Kila punje ni betri yake. Chuma kinaanza kuliwa kwa vishimo badala ya kuliwa kwa usawa, na kishimo hakihitaji kumaliza bomba zima ili kilitoboe, kinahitaji kupita unene wake tu. Kwa hiyo hata yule fundi angeliweka yunioni ya plastiki, matundu yangelikuja bado, ingawa yangelichelewa. Kanuni ya zamani ya kazi hii inasema maji yatoke kwenye chuma kwenda kwenye shaba, yasitoke kwenye shaba kurudi kwenye chuma. Ukifuata mkondo wa maji kwa kidole kwenye mchoro wangu, unaona kanuni ilivunjwa wapi.

Ningeweza kuishia kwenye maelezo hayo, ila nilitaka kuona. Tulipokata, nilichukua vipande viwili, kimoja cha kabla ya shaba na kimoja cha baada yake, nikavipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma, nikavilaza juu ya gazeti vikiangalia juu. Cha kabla ya shaba kilikuwa na tabaka jembamba la kahawia, gumu, limetandaa sawasawa, na nilipolikwangua zinki ya kijivu ilionekana bado sehemu kadhaa. Cha baada ya shaba kilikuwa kitu kingine. Ndani kulikuwa na chunjua za kutu zimepandana, nyekundu juu na nyeusi ndani, nyingine kubwa kama nusu ya maharage. Niliing'oa moja kwa ncha ya bisibisi. Chini yake kulikuwa na kishimo cha mviringo, kimechimbwa kwa unadhifu kana kwamba kuna aliyekaa na keekee, na sakafu ya kishimo hicho nilipoielekeza dirishani ilipitisha mwanga kwa nukta moja. Hilo lilikuwa tundu la tano, halijazaliwa.

Nikapima kwa vernia, kile kipimo cha unene. Bomba la nusu inchi la aina hii lina unene wa milimita 2.6 likiwa jipya. Kwenye kipande cha kwanza nilipata zaidi ya 2 karibu kila mahali. Kwenye cha pili, kati ya chunjua bado kulikuwa na chuma cha kutosha, lakini ndani ya vishimo nilipata chini ya 1. Tundu la ndani, ambalo lilianza na kipenyo cha milimita 16, lilikuwa limebana kiasi kwamba penseli ilipita kwa kusukumwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo bomba hupungua unene na kuziba kwa wakati mmoja. Mama alipokiona kile kipande akaniambia kwamba maji ya jikoni yalikuwa yanatoka dhaifu kwa muda mrefu, na alishabadilisha koki ya sinki mara mbili akidhani ndiyo yenye kosa. Hakuna aliyemuuliza, nami nilikuwa miongoni mwao. Bomba la chuma linalovuja na wakati huohuo maji yake yamedhoofika limeshakuambia hali ya ndani yake. Halihitaji kupasuliwa ili uamini.

Tundu la pili, lile la epoksi, lilikuwa na kisa chake kidogo. Lilitokea kwenye nyuzi, ile mistari ya kukazia kama ya skrubu, pale bomba linapoingia kwenye kiwiko. Nyuzi za nusu inchi zina kina cha zaidi kidogo ya milimita 1.1. Yaani fundi anapokata nyuzi anaondoa zinki yote ya nje mahali hapo na karibu nusu ya unene wa bomba. Kwa hiyo kwenye kila kiungo cha bomba la zamani kuna pete nyembamba isiyo na kinga, inayosubiri. Klampu haiwezi kushika pale kwa sababu hakuna uso wa mviringo wa kuukumbatia, na ndiyo maana aliyetangulia alitumia epoksi. Alichagua sawa. Epoksi inashika ikiwa bomba limekauka kabisa na limekwanguliwa mpaka chuma king'ae, na ikandwe mpaka rangi mbili ziwe moja bila mistari. Alifanya yote hayo, na kiraka chake kilidumu mpaka tulipokitupa pamoja na bomba.

Nisieleweke vibaya kuhusu viraka. Ninavitumia, nitaendelea kuvitumia. Tundu moja kwenye bomba lililo na unene wake, lililotobolewa na msumari au lililoliwa kutoka nje kwa sababu lilikaa kwenye unyevu, klampu nzuri italitunza miaka. Usiku wa manane pia, maji yanafurika na hakuna duka lililo wazi, kipande cha mpira na klipu ni rehema. Lakini tundu lililotoka ndani kwenda nje ni jambo jingine. Ukilisafisha ukakuta kingo zake nyembamba kama karatasi na chuma kinacholizunguka kikibonyea kwa ncha ya bisibisi, kiraka unachovalisha kinakaa juu ya kitu kisichokuwepo. Na tundu la pili kwenye kipande kilekile, kwangu mimi sasa, linamaliza mjadala. Sizibi la pili. Nakata.

Jirani mmoja alishauri tuchomelee. Nilikataa kwa sababu mbili. Bomba lililobaki na milimita 1 halivumilii moto wa kuchomelea. Linayeyuka mbele yako na tundu linakuwa dirisha. Halafu ile zinki. Inachemka kwenye nyuzi joto 907, na moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana, kwa hiyo inapanda moshi mweupe unaoingia mapafuni. Anayeuvuta hulala usiku huo na homa na kutetemeka mwili mzima. Mafundi vijana wanaoambiwa na wakubwa wao kwamba hiyo ni kawaida ya kazi wasikubali.

Kabla ya msumeno kugusa bomba nilifanya kitu ambacho nawasihi wote wanaosoma hapa wasikiruke. Nyumba nyingi za zamani waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umefungwa kwenye bomba la maji. Wakati inajengwa, bomba zima lilikuwa chuma hadi ardhini, kwa hiyo lilifaa. Ukilikata katikati na kuweka plastiki, unaweza kukata ethi ya nyumba nzima bila mtu kujua, na siku kifaa kitakapokuwa na hitilafu umeme hautakuwa na pa kwenda ila kwenye mwili wa mtu. Na wewe mwenyewe, ukishika ncha mbili za bomba lililokatwa, mkono huu na mkono ule, unaweza kuwa ndiyo waya. Tuliufuata waya wa kijani kutoka kwenye kisanduku cha umeme, na kweli ulikuwa umebanwa kwenye bomba karibu na koki kuu. Nikasimamisha kazi. Fundi umeme alikuja siku ya pili, akachimbia fimbo ya ethi inayojitegemea, akaipima, ndipo nikaendelea. Siku moja ilipotea na mama alichota maji bafuni kwa ndoo. Hakunung'unika.

Kulifungua bomba la zamani ni kazi ya subira kuliko nguvu. Ukitia spana ya bomba moja na kuvuta, nguvu haiishii kwenye kiungo ulichokilenga. Inasafiri hadi kiungo cha pili ndani ya ukuta na kukivunja huko usikokuona. Kwa hiyo ni spana mbili, moja inashika, nyingine inageuza, zikitazamana. Nilipaka mafuta ya kulegeza kutu jioni nikayaacha yalale. Asubuhi yunioni ya upande wa mlango ilifunguka vizuri, lakini kwenye tii, kiungo cha midomo mitatu, ya tawi la bafuni bomba lilikatika na kuacha nyuzi zake ndani.

Hapo wengi huanza kuvunja ukuta kuifuata tii. Haikuhitajika. Nilichukua jani la msumeno mtupu, nikalizungushia kitambaa kwa mkono, nikakata mfereji kwa urefu ndani ya kile kipande kilichobaki, kwa mivuto mifupi mifupi, huku nikitazama kwa tochi. Msumeno ukikaribia nyuzi za tii rangi ya chuma inabadilika. Unga wa kutu unaisha na unaanza kuona ncha za nyuzi zinang'aa mmoja mmoja. Hapo unaacha. Nikakata mfereji wa pili sentimita 1 pembeni, nikaweka patasi nyembamba katikati ya mifereji miwili nikagonga kwa ndani. Kile kijibanzi kilikunjika, na pete nzima ikalegea nikaitoa kwa koleo. Nyuzi za tii zilikuwa nzima. Ilichukua dakika 40, na ukuta wa bafuni ukabaki kama ulivyo.

Kupitia tii hiyo nilichungulia pia tawi la bafuni kwa tochi. Kahawia, sawasawa, hakuna chunjua. Nikaliacha.

Nilichoweka badala ya mita 2 zile ni bomba la plastiki la PPR la milimita 20, na nikaondoa shaba yote ya juu ya mlango pamoja nazo. Kuna aliyeniuliza kwa nini nisirudishe chuma kipya kilichopakwa zinki. Ningeweza, shaba ikishaondoka. Lakini chuma kipya kingeanza kuzeeka siku hiyohiyo, ndani ya ukuta uleule, chenye nyuzi zilezile nyembamba. PPR haina nyuzi njiani. Viungo vyake vinayeyushwa kwa pasi yenye nyuzi joto 260, bomba la ukubwa huo sekunde 5, unavisukuma pamoja na kutulia bila kuzungusha. Mahali pekee penye nyuzi ni ncha mbili, ambapo kipande chenye shaba njano kinaingia kwenye chuma cha zamani na kwenye koki. Shaba njano nayo haipatani na chuma, hilo ni kweli. Ila hapa ni kidogo mno mbele ya chuma kingi, na maji huifikia baada ya kupita chuma, si kabla. Shaba kubwa ikikabili chuma kidogo ndipo chuma kinapoliwa haraka. Ikiwa kinyume chake madhara ni madogo. Nikafunga nyuzi kwa katani na mafuta yake badala ya tepu nyeupe, kwa sababu nyuzi za tii, pamoja na uzima wake, zilikuwa na makovu, na katani huvimba ikilowa na kuyajaza. Tepu inapenda nyuzi mpya.

Hili lilikuwa bomba la maji baridi. Kama lingekuwa la moto ningeliongeza tahadhari nyingine, kwa sababu maji yakizidi nyuzi joto 60 hivi zinki inaweza kugeuka upande na kuanza kukila chuma badala ya kukilinda.

Kabla ya kufungua maji nilitoa vichujio vya koki zote za nyumba. Kugusagusa bomba la zamani kunaamsha kutu yote iliyolala. Tulifungua koki kuu robo tu, hewa ikatoka ikikohoa, kisha maji mekundu, kisha ya rangi ya chai, na baada ya dakika 10 meupe. Kwenye ndoo chini palibaki makapi ya kutu kama mchanga. Vichujio vingekuwepo, makapi hayo yangekwama humo na mama angeniambia jioni kwamba maji bado ni dhaifu.

Mita niliisoma baada ya saa 1, kisha tukaiacha usiku kucha. Asubuhi namba zilikuwa zilezile, hadi ile nyekundu ya mwisho. Bado nikamwomba asifunge ukuta kwa siku 7. Kiungo kibaya huwa hakijionyeshi siku ya kwanza, na presha ya usiku, watu wakiwa wamelala na hakuna anayechota, hupanda kuliko ya mchana. Alikubali, akatundika kitambaa mbele ya ufa ili wajukuu wasitie mikono.

Siku ya 8 nilirudi kuangalia. Kila kiungo nilikipangusa kwa karatasi kavu ya choo, kwa sababu karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Yote yakatoka makavu, plasta ikapigwa. Kwenye tawi la bafuni, ambalo bado ni chuma kilekile cha zamani, nimeweka koki yake peke yake, ili siku likianza kuvuja afunge upande huo tu na jikoni maji yaendelee. Na mama ana daftari dogo linaloning'inia karibu na mita. Kila mwisho wa mwezi anaandika namba kabla ya kulala na nyingine anapoamka. Mara ya mwisho aliponitumia picha ya ukurasa huo, safu mbili zilikuwa zinafanana mstari kwa mstari.